Mafiga ya Mama Uzunguni

Wanaoniuliza nilipataje nyumba Uzunguni, miezi michache tu baada ya Uhuru, huwa wanataka niwaambie kulikuwa na mwanamume. Hawasemi wazi. Wanazungukazunguka tu: "Ehe, na kodi je? Na nani alikuonyesha?" Huku wananitazama kwa jicho la pembeni. Nimezeeka sasa, meno yenyewe ya kuhesabu, na bado wapo wanaouliza. Basi leo nasema yote, na asiyeamini shauri yake.

Mwanamume hakuwepo. Aliyekuwepo ni mama yangu na mawe yake matatu.

Wakati huo nilikuwa nesi katika hospitali ya serikali, wodi ya wazazi. Nilikuwa nimeolewa miaka mitano, mtoto hakupatikana, nikaachika, ng'ombe wa watu wakarudishwa. Kwetu, upande wa Misungwi, binti akiolewa mama mkwe ndiye anayemwekea mafiga jikoni, yale mawe matatu ya kutelekea chungu. Siku hiyo ndiyo anahesabiwa kuwa na nyumba. Akienda kutembea kwao, hata akae miezi mingapi, mafiga yanabaki pale pale na kila mtu anajua atarudi. Anayeng'oa mafiga amehama. Na anayeachika huondoka mikono mitupu, maana yale si yake. Mimi niliyaacha yakiwa bado ya moto, uji wa mama mkwe ukitokota juu yake. Sikugeuka nyuma, lakini harufu ya ule uji ukiungua ninayo puani mpaka leo.

Tangu hapo nikawa mtu wa kupika kwenye moto wa wengine. Kwanza kwa mama, kisha kwa wifi yangu aliyekuwa akinihesabia kuni kwa macho, mwishowe nikaja Mwanza mjini nikapanga chumba Kirumba. Nyumba yenyewe ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja cha shimo, ua mmoja, na majiko ya mkaa yamepangwa ukutani, kila mwanamke na lake. Sisemi walikuwa watu wabaya. Ukiugua watakuletea uji, ukifiwa watalia kukuzidi wewe mwenyewe. Lakini mwanamke aliyeachika ndani ya nyumba ile alikuwa mali ya umma. Nikirudi kutoka zamu, naulizwa nilipitia wapi. Nikifunga mlango mchana nilale, watoto wanapiga mpira ukutani kwangu, na mama zao wanasema, "Mwacheni, mchana anachoka na nini?" Wanaume wa mtaa nao, kila mmoja alijiona ana haki ya kunisalimia mara nne kwa siku. We acha tu.

Nilitaka mlango. Mlango wangu, ufunguo wangu, na nyuma ya huo mlango asiwepo mtu wa kuniuliza kitu. Hilo tu. Nilikuwa nalitamani mpaka nalala nalo.

Ndipo nikasikia hospitalini kwamba Mzungu mmoja, kapera, alikuwa anafungasha kurudi kwao, na nyumba yake ya chumba kimoja cha kulala ilikuwa inabaki tupu. Ilikuwa katika jengo la ghorofa moja juu ya mawe, huko Uzunguni, likitazama ziwa. Nyumba nne kwa jumla: mbili chini, mbili juu. Za chini zilikwisha kuhamwa, madirisha yamefungwa tangu sherehe za bendera. Nikauliza ni ya nani. Nikaambiwa tajiri mwenyewe haonekani, anayesimamia ni karani wake, mzee wa Mirongo, ana meza yake nyuma ya duka la vitambaa.

Nilimwendea siku yangu ya mapumziko, lakini nilivaa sare ya kazi makusudi, nyeupe, imepigwa pasi mpaka inakata. Mzee alikuwa na kanzu na koti jeusi juu yake, miwani imeteremka puani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mumeo amekutuma?"

"Sina mume. Nimejituma. Nataka ile nyumba ya chumba kimoja kule juu."

Akaweka kalamu chini. "Baba yako je?"

"Alifariki mwaka jana."

"Kaka?"

"Ninaye. Ana nyumba yake kwao."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, kama mtu anayeona ukungu. "Bibie, nyumba ile ni ya kapera."

"Mimi ndiye kapera mwenyewe! Unataka kapera wa namna gani tena?"

Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akasema tajiri hataki mwanamke wa peke yake, wanaleta maneno. Nikamwuliza kama tajiri anapenda zaidi panya wapange, maana za chini nimeziona, na Wazungu waliobaki nao wanafungasha, sasa anamngoja nani? Nilijua nimegusa penyewe. Akatazama mvua. Mwaka ule mvua ilikuwa haikatiki, ziwa likapanda likala njia ya mwaloni kunakoshushwa samaki, watu wakawa wanafunga mitumbwi mahali walipozoea kupita kwa miguu. Nikamwacha aitazame mpaka ashibe.

Mwisho akatoa karatasi mbili, akanipa moja. Miezi mitatu ya kujaribiwa. Nikae mimi na mimi tu, mgeni wa kulala hakuna. Moto sakafuni marufuku. Na lalamiko moja tu likija kutoka kwa jirani, ufunguo mezani. Mwisho wa ile miezi mitatu atakuja mwenyewe kukagua, na akiridhika ataandika karatasi ya kudumu.

"Umeelewa, bibie?"

"Nimeelewa. Nipe ufunguo."

Nawaambia, siku ile nilivyopanda ile ngazi ya mbele nilihesabu kila kidato. Sebule yenye kiti kikubwa cha mto ambacho Mzungu alikiacha. Chumba cha kulala kimoja, dirisha lake lina wavu wa kuzuia wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Jiko la umeme, jeupe, lina vifundo vinne vya kuzungusha. Sakafu nyekundu inayong'aa. Na choo ndani, na beseni la kuogea ambalo mtu mzima analala akajinyoosha! Nilifunga mlango, nikakaa sakafuni, nikasikiliza. Hakuna aliyeuliza kitu. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kirumba walisema nimewekwa. Kubishana kuliishia kwenye amewekwa na nani: wengine daktari, wengine mfanyabiashara wa pamba. Askari wa kule kwenye barabara ya kupanda Uzunguni akawa ananisimamisha kila jioni: "Unafanya kazi kwa nani?" Namjibu, "Kwangu." Kesho yake tena, "Unafanya kazi kwa nani?" "Kwangu." Mpaka akachoka mwenyewe.

Aliyenikata maini hasa ni jirani yangu wa mlango wa pili. Msidhani ni Mzungu. Alikuwa Mwafrika kama mimi, mke wa bwana mkubwa mpya aliyepandishwa cheo baada ya Uhuru. Alikuwa anavaa glavu nyeupe kwenda sokoni kununua samaki sato. Siku ya kwanza tulikutana kwenye ngazi ya mbele, akaniangalia toka viatu hadi kofia, akasema kwa sauti tamu, "Dada, ngazi ya wafanyakazi iko nyuma."

"Asante dada," nikamwambia. "Ukiihitaji nitakuonyesha."

Basi hapo ndipo uadui ulipoanza. Alikuwa anangoja nikosee, na mimi nilijua anangoja. Miezi miwili na nusu nilitembea ndani ya nyumba ile kwa ncha za vidole. Sikukaanga samaki. Sikuimba. Sikualika mtu hata wa kunywa chai. Nilishajua maneno ya ile karatasi kwa moyo, na kila Jumamosi ikipita nilikuwa nasema, haya, bado tano, bado nne, bado tatu.

Zikiwa zimebaki mbili, natoka zamu asubuhi, namkuta mama amekaa kwenye ngazi ya mbele, kanga imelowa, miguu imejaa tope, na gunia kando yake.

Lazima niseme kidogo juu ya mama. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na matanga yalipoisha wazee wa ukoo walikaa wakaamua arithiwe na baba mdogo, mdogo wake marehemu. Ndiyo desturi. Hakuna aliyemwuliza mama, kama ambavyo hakuna anayeuliza ng'ombe wahamie zizi gani. Nilisikia habari hizo kwa kaka, nikakasirika, nikatuma maneno makali, na nikaishia hapo. Nilikuwa na mlango wangu wa kuulinda.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia. Kwetu ndiyo salamu ya asubuhi, na mayu ni mama.

Akaitika. "Nimekuja kutembea."

Nikajaribu kubeba lile gunia. Lo! Halikunyanyuka. Nikamwuliza ameweka nini, viazi vya kulisha wodi nzima? Tukalikokota wawili ngazi kwa ngazi, du, du, du, na mlango wa jirani ukafunguka kidogo ukafungwa. Ndani, mama akafungua kamba, akaanza kutoa. Jiwe. Jiwe lingine. Jiwe la tatu.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Mayu! Kuleta mawe Mwanza!" Maana nyie mnaijua Mwanza. Mji mzima ni mawe, nyumba zimekaa juu ya mawe, mawe yamekaa juu ya mawe, hata ziwani yamesimama. Mtu amepanda basi na mawe, utingo kamwuliza ni mzigo gani, kamjibu ni mzigo wangu! Nilikuwa nafuta machozi ya kicheko nilipoliona lile la tatu. Lilikuwa na pengo ubavuni. Pengo lile nililitia mimi, nikiwa na miaka saba, nilipoliangushia mchi nikapigwa kwa mwiko. Yote matatu yalikuwa meusi kwa masizi ya miaka.

Yalikuwa mafiga ya jikoni kwake. Alikuwa ameyang'oa.

Nikaacha kucheka. Nikamtazama, naye akanitazama bila kupepesa.

"Baba mdogo anajua?" nikauliza.

"Atajua akienda kuota moto," mama akasema.

Mnaona nilivyobanwa? Mama yangu hakuja kutembea. Alikuwa amehama, amehamia kwangu, ndani ya nyumba ambayo karatasi inasema mtu mmoja, na karani anakuja kukagua Jumamosi ya pili. Ningemwambia nini? Rudi? Niliishika ile mikono yake iliyochubuliwa na kamba ya gunia nikamwambia aoge kwanza, ale, alale, mengine tutayaona.

Kuoga hakukuwa rahisi. Beseni alilikataa, akasema hawezi kulala ndani ya maji kama kiboko. Choo nacho kilimshangaza kupita kiasi. "Mnaenda haja ndani ya nyumba mnamopika?" akaniuliza. Jiko la umeme alilizunguka mara mbili, akaligusa kwa kidole, akasema moto usioonekana si wa kuaminiwa. Kisha akapiga magoti sakafuni, pale katikati ya lile jiko jeupe na sinki, akayapanga mafiga yake. Akayazungushazungusha mpaka yakakaa vizuri. Akasema, "Sasa ni nyumba." Nikashindwa kumwambia habari ya moto marufuku. Woga wangu huo, nausema.

Kesho yake niko kazini, mama akaokota kuni kule kwenye mawe, akawasha. Akasonga ugali wa mtama, akaunga furu, vile visamaki vikavu vya ziwani, kwa karanga. Jioni nilivyokuwa bado chini ya kilima nilisikia harufu, na kabla sijafika juu nikajua ni kwangu. Sakafu nyekundu imepata doa jeusi la ukubwa wa sinia, ukuta umeanza kulia masizi, na mama amekaa pembeni anaimba. Nilikula. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda. Tangu niondoke kwa mume nilikuwa sijala chakula kilichonikalia tumboni namna ile.

Siku tatu baadaye pakaletwa barua chini ya mlango. Ni barua aliyoandikiwa karani: kuna moshi, kuna kelele, kuna "watu wa shamba". Chini yake karani ameongeza kwa mkono wake kwamba atakuja Jumamosi hii asubuhi. Sikuhitaji kuuliza nani kamwandikia, kwani karatasi yenyewe ilikuwa inanukia marashi.

"Niondoke?" mama akauliza.

"Thubutu!" nikamwambia. Lakini usiku wote wa zamu nilikuwa navua watoto wa watu nguo chafu na kuwavisha safi huku mawazo yako kwenye ile barua. Nilikuwa naupenda ule mlango. Msinione nasimulia hivi leo mkadhani nilikuwa jabali.

Jumamosi ikafika. Nimeipangusa sakafu kwa dawa, doa limekataa. Nachemsha chai. Mlango unafunguliwa bila hodi, anaingia baba mdogo, ananing'iniza koti lake la mvua kwenye kitasa, anaiegemeza fimbo yake kwenye kiti kikubwa cha mto, anakaa. Alikuwa ameuliza hospitalini akaelekezwa.

"Shikamoo baba," nikasema, maana heshima ni heshima.

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mama. "Shemeji, twende nyumbani. Jiko limepoa, watu wanacheka."

Mama alikuwa amekaa sakafuni mlangoni mwa jikoni, anachambua mtama. Akaendelea kuchambua.

Hata chai haijamiminwa, hodi nyingine, safari hii ya mtu mstaarabu. Karani, na mkoba wake. Akaingia, akamwona mzee mwenye fimbo, akamwona mama, akaenda jikoni, akayaona mafiga matatu yamekaa juu ya doa kama wenye nyumba. Akafumba macho kidogo.

"Bibie," akasema, "sharti moja umevunja, au yote?"

Sikuwa na la kuficha. Nikasema huyu ni mama yangu, ameng'oa mafiga yake, amehamia kwangu, kwa kuwa hataki kurithiwa. Nilisema hivyo hivyo mbele ya baba mdogo. Naye akamgeukia karani akamweleza kwa upole kabisa, mtu mzima kwa mtu mzima, kwamba ni kasoro ndogo ya nyumbani, yeye amekuja kuimaliza. Wanaume wawili wasiojuana, dakika tano tu, wakawa ndugu! Karani uso ukamkunjuka. Akaniambia, "Basi mambo yamekwisha. Mzee huyu anamchukua mtu wake na mawe yake. Wewe unabaki na nyumba, naandika karatasi ya kudumu sasa hivi. Nani ameumia hapo?"

Na mimi nikanyamaza.

Nasema ukweli, nilinyamaza. Nilitazama lile dirisha, na wavu wake, na ziwa kule chini. Niliona ukumbi wa Kirumba. Nilisikia mpira ukutani. Sijui nilinyamaza kwa muda gani, lakini ulitosha mama kuelewa. Akaweka ungo chini, akainuka bila neno, akalitandaza gunia, akaanza kulivuta lile figa la pengo. Mpaka leo nikilikumbuka hilo la mama kuvuta jiwe taratibu ili asiikwaruze sakafu yangu, uso unaniwaka moto.

Karani naye aliona. Hakuwa mtu mbaya yule mzee. Akakohoa. "Au ipo njia nyingine," akasema. "Karatasi ya kudumu inamruhusu kapera awe na mtumishi mmoja. Chumba cha boi kipo nyuma, na wapishi wanaruhusiwa kuwasha moto kule uani. Tukimwandika mama hapa kwenye mstari wa mtumishi, hakuna atakayesema kitu. Ila itabidi apite ngazi ya nyuma."

Nikamtafsiria mama, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Akasema kwa Kisukuma, "Mwambie aandike. Jina la kazi halinichubui."

Baba mdogo akaangua kicheko. "Mjane wa kaka yangu awe boi wa binti yake! Haya, andika, nikawaambie wazee."

Kicheko kile ndicho kilichoniamsha. Hasira ilipanda kutoka kwenye nyayo, na wala sikuikimbia. Niliitaka.

"Andika mtumishi," nikasema. "Andika jina langu."

Karani akanikodolea macho.

"Si umesema nyumba ina mstari wa mtumishi? Niandike mimi. Na juu kwenye mpangaji mwandike mama. Uliza ana mume? Ni mjane, hakuna kapera aliyetulia kumzidi. Uliza yuko peke yake? Ana mtumishi. Uliza ana makosa gani? Hana, maana hajapanga bado, makosa yote ni yangu, nifukuze mimi! Halafu huyo mpangaji mpya ataniajiri."

"Kodi atalipa nani?"

"Mtumishi wake ataileta dukani kwako kila mwezi, kama nilivyoileta. Ulishawahi kunidai?"

"Moshi je?"

"Mafiga yanashuka uani leo hii. Doa nitalisugua mwenyewe, si ndiyo kazi yangu? Na yeye atapita ngazi ya mbele. Ya nyuma nitapita mimi, na jirani yangu mwambie nimemtii hatimaye." Nikavuta pumzi. "Na kama hutaki, ufunguo huu hapa, ongeza nyumba ya tatu ya kufungia madirisha. Tajiri atakusifu sana."

Nikauweka ufunguo mezani.

Karani alikaa. Akautazama ufunguo, akamtazama mama aliyesimama na figa kifuani kama amepakata mtoto. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani amepandwa na kifafa, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akavua miwani. "Miaka yote hii," akasema, "Wazungu, Wahindi, Waarabu, sijaandika karatasi ya namna hii." Akafungua mkoba, akatoa kalamu. Mpangaji. Akaandika. Hali ya ndoa: mjane. Mtumishi. Akaniuliza jina langu na mahali nilipozaliwa, kwa sauti ya kazi, kama hatujuani. Nilipomtafsiria yote, mama akauliza abonyeze kidole kipi. Dole gumba lake lilikuwa limejaa masizi, karani akataka kulifuta kwa karatasi kabla ya wino, nikamwambia aliache. Karatasi hiyo ninayo, wino na masizi pamoja.

Baba mdogo alikuwa ameacha kucheka. "Mimi sijui makaratasi," akasema. "Naondoka na mtu wangu." Akainuka, akamfuata mama, akalishika lile figa alivute.

Mama hakupandisha sauti. "Weka chini," akamwambia. "Uko kwangu. Umeingia hukubisha hodi."

Niliwatafsiria wote wawili, ingawa baba mdogo hakuhitaji. Na yule karani, ambaye nusu saa iliyopita alikuwa ndugu yake, akakunja karatasi yake vizuri akasema, "Mzee, mpangaji halali ni mama huyu. Akisema weka, weka."

Akaliachia. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama ile karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Akachukua koti lake kwenye kitasa, akatoka, akaubamiza mlango mpaka wavu wa dirisha ukalia.

Tukabaki watatu. Kisha nikaiona. Fimbo yake ilikuwa bado imeegemea kwenye kiti. Na nyie mnajua, mzee wa Kisukuma harudi kwao bila fimbo, afadhali arudi bila viatu.

Tulisikia hatua zikishuka. Zikasimama. Zikapanda tena, polepole.

"Hodi," akasema nje.

Mama aliweka figa chini. Akajifunga kanga upya. Akaenda akakaa kwenye kile kiti kikubwa cha mto, ambacho tangu aje alikuwa hajakikalia, akaiweka fimbo magotini. Hakujibu.

"Hodi humu ndani," akasema tena, safari hii kwa sauti ya mgeni.

Mama akanigeukia, jicho moja linacheka.

"Unangoja nini?" akasema. "Kamfungulie. Si wewe ndiye mtumishi?"